Godoro la Tano kwa Sita

Githongo,
Jumapili jioni

Mama,

Muga, Mama. Ni mimi, mke wa Muriuki wako. Nakusalimu kwa jina la Yesu, na hapa nyumbani wote wanakusalimu. Muriuki anakusalimu, yuko nje anatengeneza boma la ng'ombe. Mgongo wake umepoa ila bado hasikii akiambiwa asibebe magunia. Mjukuu wako Mutuma anakusalimu, amerefuka sana, suruali zake zote sasa ni za kuvukia mto. Binti yako Kagendo anakusalimu kutoka Mikinduri, anasema akinyamaza usifikirie amekusahau, ni duka linamshika. Hata yule ng'ombe wako mweusi anakusalimu, amezaa ndama jike na amepata adabu kidogo, siku hizi hapigi ndoo teke. Kahawa ya upande wako imechanua, bila shaka unasikia harufu. Mimi mwenyewe niko mzima, ni magoti tu.

Salamu za Kanana, binti yetu, nimeziweka mwisho kwa sababu ni yeye amenifanya nishike kalamu. Najua wewe hukusoma, na ni yeye alikuwa anakusomea Biblia. Sasa hayuko nyumbani. Kwa hivyo nikimaliza kuandika nitakuja hapo kaburini nikusomee mwenyewe. Mahali nitakwama univumilie, unajua niliishia darasa la sita.

Mama, Kanana ameingia chuo. Ni huko Embu, anasomea ualimu wa watoto wadogo. Barua ya kuitwa ilipokuja Muriuki alitembea nayo mfukoni mpaka ikachakaa, akionyesha watu wa kiwanda cha kahawa. Mimi nilifurahi, lakini niliogopa. Najua ungeuliza nini kwanza. Analala wapi, na analala na nani?

Kwa maana unakumbuka. Tangu aachishwe ziwa alikuwa kitanda chako. Ulisema amechukua jina lako, huyo ni wewe mdogo, na hawezi kupelekwa kulala kwingine. Mimi ningesema nini? Kumgombeza tu nilikuwa naogopa, nikiona kama namgombeza mama mkwe. Halafu alipoenda kidato cha kwanza shule ya bweni wakatupigia simu tumchukue, hapati usingizi usiku, anasinzia darasani hata akiwa amesimama. Tukamtoa, akasoma shule ya kutwa mpaka mwisho. Na ulipotuacha, alikataa kutoka kitandani mwako, na peke yake hawezi. Basi mimi nikatoka nyumba kubwa nikahamia huko kwako, nikawa nalala naye. Mwanao alilalamika kwa kila mtu kwamba ameoa na bado analala kama kijana wa kuajiriwa.

Sasa huyo ndiye wa kwenda Embu. Nilijiambia, dawa ni moja, nitamtengenezea hicho chumba kiwe kama kwako.

Tukaenda Gakoromone kule Meru siku ya soko, mimi na yeye. Tulinunua beseni, ndoo ya kifuniko, blanketi zito, flaski na kamba ya kuanika. Pazia nilichagua la maua makubwa. Kanana akasema, Mama, huko si kanisani, lakini akaliweka ndani ya kiondo. Unamjua, haongei sana. Tukafika kwa mtu wa magodoro. Kanana akamwonyesha lile jembamba, la kitanda cha shule. Mimi nikasema hapana, tupe tano kwa sita, kama la nyanyake. Nilifikiria mtu aliyezoea kitanda kipana akiwekwa kwa chembamba ataanguka, na akianguka atarudi nyumbani. Mwenye duka akauliza wanaolala ni wangapi. Nikamwambia ni mmoja. Akamwangalia Kanana, akaniangalia mimi, akasema, basi huyo mmoja analala kama chifu. Kanana alikuwa ananivuta sweta. Sikumjali. Siku hiyo tu ndiyo nilimshinda huyo mama mkwe wangu mdogo mbele ya watu.

Tulibebwa na Mwiti, jirani yetu mwenye pikapu, alikuwa anapeleka ndizi Embu. Alipoona hilo godoro juu ya ndizi akaniuliza, "Mama Kanana, unapeleka msichana chuo ama unamwoza bila kutuita?" Akacheka peke yake mpaka Chuka. Tulipovuka mto wa Thuci nikajifunga kitambaa vizuri, kwa sababu hapo sasa tulikuwa tumetoka kwetu, tumeingia kwa watu wengine.

Chumba ni cha wasichana wawili. Mwenzake tulimkuta, anaitwa Igoki, ametoka upande wa Mbeere, amekuja peke yake na basi la asubuhi. Mtoto wa heshima, alinishika mkono kwa mikono miwili. Lakini godoro lake, Mama, ungelikunja kama chapati. Letu nalo lilikataa mlango. Tulisukuma watu watatu, matroni wa bweni akaja kusimama hapo, akasema, "Mama, hapa hatupangishi familia." Lilipoingia tukaliweka kitandani. Nusu iko kwa kitanda, nusu inaning'inia hewani, na mlango haufungiki. Wanafunzi wakipita wanachungulia.

Nikakaa juu yake. Nilitaka kulia, nakwambia ukweli. Niliona nimemwaibisha siku ya kwanza, na sasa hatakaa. Mwiti alikuwa ashaenda kushusha ndizi zake. Nikasema tumngoje, tulirudishe Meru, tubadilishe, na Kanana arudi na sisi alale nyumbani kwanza, aje siku nyingine. Nilisema hivyo haraka kama mtu aliyekuwa anangoja nafasi ya kusema.

Kanana akamwuliza Igoki kama ana kisu.

Alikuwa nacho, cha mkate. Kanana akapima godoro kwa shubiri zake, kutoka huku mpaka katikati, akapima na kitanda. Akaniambia, "Mama, inuka tukate."

Nikasema, "Godoro jipya? Baba yako atasema nini?"

"Baba hayuko hapa," akasema. "Na hili ni la watu wawili. Watu wawili si hawa?"

Nikainuka. Ungeinuka wewe pia. Walikata pole pole, mmoja anashika, mwingine anakata, na chenga zikajaa kote kama mtu amemwaga unga wa mahindi, hata kwa nywele za matroni, kwa maana huyo hakuondoka, alibaki akisema wakate kwa kunyoosha. Kumbe nusu ya tano kwa sita ndiyo saizi ya vitanda vyao kabisa. Kitambaa cha kila godoro nacho kilikuwa kimebaki wazi upande mmoja. Sindano ninayo kila siku, pazia lilikuwa refu kupita dirisha, basi nikakata kipande nikaziba yote mawili na yale maua. Igoki akasema hajawahi kulalia maua. Alikuwa anacheka na macho yamejaa maji, na sikumwuliza ni kwa nini.

Sasa sikiza hii, Mama. Kitanda kimoja kiko dirishani, kingine mlangoni. Igoki akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anaogopa mlangoni, kwao analala katikati ya dada zake. Kanana akatupa blanketi lake kitandani. "Wewe lala huko ndani," akamwambia. "Mlango ni wangu."

Ni wewe ulikuwa unamwambia hivyo kila usiku, alale ukutani, mlango ni wako. Mimi nilikuwa nasikia kutoka nyumba kubwa. Niligeuka nikaanza kufunga pazia ambalo lilikuwa limefungwa tayari.

Tulikuwa tumekubaliana arudi Ijumaa. Nilianika shuka za kitanda chako, nikapika mukimo wa kumtosha. Saa kumi akapiga simu. Haji, yeye na Igoki wanafua, na Jumapili wameitwa kwaya. Nikamwuliza, lakini unalala? Akasema, "Mama, nalala mpaka Igoki ananivuta blanketi asubuhi." Nikamwambia vizuri. Nikaenda jikoni nikalia kidogo, si kilio kibaya. Mutuma akala mukimo wote. Na usiku nikarudi kwa mwanao, akasogea, akasema karibu mgeni.

Mama, kwaheri ya leo. Nakuahidi sitaenda Embu mpaka aniite mwenyewe, na ukijua nilivyo, hiyo ni ahadi nzito. Lakini kitanda chako sasa kiko kitupu, na Mutuma anakitaka. Sitakubali kabla hujasema. Nitumie neno upesi, usikae sana, hata kwa ndoto. Ila uje moja kwa moja kwangu. Usipitie Embu. Mwache alale.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Mama Kanana