Kipande Kisicho na Ngolo

Jumatatu, 4 Machi
Nimefyeka tangu asubuhi. Nyasi ndefu, nyengo yangu ya kufyekea kali. Vijana wa Mbuji hawanifikii, hata waje wawili wawili. Nimezilaza miraba kilima chote, mstari huku, mstari kule, zimenyooka kuliko benchi za kanisani. Kesho Mama Otmar, mke wangu, anaanza kuzifukia kwa jembe na kuacha shimo katikati ya kila mraba. Ndiyo ngolo hiyo. Mwanamume analaza nyasi, mwanamke anafukia. Maji yanaingia shimoni, yanatulia. Kilima chetu kimesimama wima lakini udongo haujashuka tangu enzi za baba.
Amekuja Zaituni na kamera. Binti wa mwenye duka pale Mbinga mjini, amesomea sanaa Dar es Salaam. Ana adabu, shikamoo yake ya magoti. Anataka kupiga video ya kilima kwenye mvua. Eti hali ya hewa imeharibika, watu waone. Nikamwambia amefika penyewe, asihangaike kwingine.

Jumatano, 6 Machi
Zaituni kanionyesha video yake ya mwaka jana kwenye kompyuta. Ziwa Nyasa, kule Mbamba Bay. Maji yanapanda kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Maji tu. Hakuna anayesema, hakuna hata anayepigwa. Nikauliza filamu inaanza saa ngapi. Akacheka. "Babu, ndiyo hiyo." Watu wa Dar wanakaa gizani wanatazama hiyo. Haya.
Ameomba kipande kidogo kisiwe na ngolo. Kilimwe matuta ya kushuka. Picha mbili ukutani kule Dar, huku ngolo, huku hakuna. Yeye alitaka pembeni, karibu na migomba. Nikasema pembeni nani ataona? Nikampa juu kabisa, panapoonekana hata ukiwa barabarani. Nimeziondoa nyasi nilizolaza, nikalima mwenyewe. Halafu nikasema mbele ya kamera: mvua yoyote ije, ngolo zangu hazisogei. Nilisema vizuri sana.
Mama Otmar sikumuuliza. Kilima ni changu.

Jumamosi, 16 Machi
Mama Otmar kamaliza kufukia, kapanda maharage. Ndipo akapanda juu akakiona kipande, alichodhani bado sijakimaliza.
"Baba Otmar, nani kakuroga?"
Nikasema ni sanaa.
"Hiyo sanaa tutaichemsha?"
Amekasirika kweli. Anasema hakuna mtu anaacha juu wazi, maji yakipata mbio juu hakuna shimo la kuyazuia chini. Najua. Nimezaliwa kwenye ngolo. Lakini ngolo zangu si sawa na za watu wengine. Na kahawa mwaka huu maua yamekauka, nayo ananitajia, kama mimi ndiye niliyeyakausha. Anasema tumebaki na maharage tu. Najua pia.

Alhamisi, 21 Machi
Mvua ya siku hizi haina adabu. Zamani ilinyesha kutwa, pole pole, unavuta ugoro unaisikiliza. Sasa inanyamaza wiki nzima, halafu inamwaga yote kwa mkupuo. Leo imemwaga. Matuta ya juu yamechimbika mifereji mitatu, mmoja unaingia mkono mpaka kwenye kiwiko.
Zaituni kapanda mbio na matope yake. "Babu, picha inatosha. Laza nyasi, nakuomba." Nikakataa. Nimeshasema mbele ya kamera. Nikirudi nyuma sasa, Dar watasema mzee wa Mbinga aliogopa.
Sikulala vizuri.

Jumapili ya Matawi
Baada ya misa Nathani jirani yangu kanisubiri nje, watu wote wanasikia. "Mzee, siku hizi umekuwa mwigizaji? Au anayeigiza ni kilima, wewe unabeba kamera?" Wakacheka, hata katekista. Nikamwambia ngolo zake ni makaburi ya panya. Wakacheka tena, lakini siyo kwa upande wangu.
Mama Otmar hakucheka. Ugali anaweka, anaondoka.

Jumatano, 27 Machi
Nimeona aibu leo ambayo sijawahi kuiona. Mama Otmar kachukua nyengo yangu, kapanda juu, analaza nyasi. Mwanamke analaza nyasi na mume yupo hai, anakula! Tena mbele ya kamera. Nikapanda nikipiga kelele. Akaninyooshea nyengo. "Basi laza wewe. Au nyamaza."
Nimelaza. Nimelaza kwa hasira, yeye nyuma yangu anafukia. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Liparamba, meusi. Hatukufika hata nusu. Mvua ilipoanza tukashuka hatuonani, na nilikuwa nimemshika mkono.

Alhamisi Kuu
Imeondoka. Katikati yote ya kilima, kutoka juu mpaka kijitoni. Ngolo za kando zimebaki, za katikati hakuna. Maharage hakuna. Nimetafuta hata mche mmoja.

Jumatatu ya Pasaka
Zaituni kaja, macho mekundu. Anasema kosa ni lake. Nikamwambia asinichukulie kosa langu, yeye alitaka pembeni, juu nilipataka mimi.
Nikataka kuiona video. Hakutaka kuonyesha, nikamlazimisha. Kilima kinakaa, kinakaa. Halafu kinatingishika kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Halafu kinashuka. Kabla ya mvua, pembeni ya picha, wazee wawili wameinama wanafanya kazi, wadogo sana. Nilidhani ni watu wengine.
Kaniuliza kama aifute. Nikasema peleka Dar. Usikate pale ninapojisifu.

Jumamosi, 6 Aprili
Udongo mwingi umekaa kijitoni, mweusi, mzuri. Tunaupandisha kwa ndoo. Unashuka mara moja, kuupandisha ni kazi ya wiki. Mgongo unauma. Nathani kaja na wanawe, kashika ndoo. Zaituni pia, kamera kaiacha nyumbani.
Kipande cha juu nimelaza nyasi zote. Mama Otmar kafukia. Mbegu kapewa na dada yake wa Mapera, kapanda kidogo kidogo juu ya matuta, kuzunguka kila shimo.
Jioni imenyesha, ndogo. Yeye kashuka kuwasha moto. Mimi nikabaki juu mpaka mashimo ya mstari wa kwanza yakajaa.