Shingo Yangu na Kipima Upepo

Jumatatu, 14 Aprili

Kipima upepo kimefika leo kwa posta. Kidogo kweli! Vikombe vitatu vya plastiki vinavyozunguka, mshale, na mkono wa chuma wa kukifunga kileleni mwa mlingoti wa mashua yetu. Nimekiweka mezani jikoni. Mume wangu Ejnar amekitupia jicho, akaendelea na kahawa yake.

Mapatano nayaandika, asije akayageuza. Tangu daktari anitie skrubu shingoni siwezi kutazama juu, na mshale wetu wa zamani uko juu, mita kumi na mbili. Agosti upepo ukahama bila mimi kujua. Tanga likaruka upande wa pili, boriti yake ikampiga Ejnar kichwani. Mishono saba. Kwa hiyo: nikiweza kuusoma upepo kwenye skrini karibu na usukani kabla ya klabu ya mashua kupandisha bendera ya kufungua msimu, mashua inabaki. Nisipoweza, anauziwa yule bwana wa Svendborg aliyekwisha kuiulizia bei.

Miaka thelathini na moja na mashua hii. Sitaki!

Jumatano, 16 Aprili

Bandani mwa klabu tangu asubuhi. Mlingoti umelazwa kwenye viegemeo vya mbao. Villads, jirani yetu wa gatini, alikaa juu ya ndoo na chupa yake ya chai akinitazama. Ejnar akaja na spana. Nikawaambia wote wawili: leo asiguse mtu, wala asinifundishe mtu.

— Haya shemeji, akasema Villads, sisi tuko sinema.

Nilifunga waya kwenye kamba nyembamba iliyoachwa ndani ya mlingoti, nikauvuta kutoka upande wa pili. Ulikwama mara mbili. Nilitukana mara tatu. Kisha drili, skrubu nne, kwisha. Mkono wa chuma unatazama dari, maana upande wa dari ndio wa mbele — ndivyo tulivyoulaza Oktoba.

Villads akakohoa. Ejnar akamtazama. Vumbi, nikadhani.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Hakuna kitu.

Alhamisi, 24 Aprili

Aibu!

Zamu yetu ya kreni ya kusimamisha milingoti ilikuwa saa nne. Nusu ya klabu wamejipanga na mikate yao, kila mtu na mlingoti wake. Wetu ulisimama bila taabu. Nikawasha skrini. Upepo unanipiga usoni mpaka machozi yananitoka — skrini inasema unatoka nyuma.

— Jamani, Dagny anasafiri kinyumenyume! Villads huyo. Gati zima likacheka.

Kumbe Machi, siku ya usafi wa klabu, waliihamisha milingoti ili wafagie, na wetu ukarudishwa kifudifudi. Sikuangalia. Nimekifunga nyuma mbele.

Na Villads alijua tangu siku ile. Na Ejnar! Nikamuuliza mbona hukusema. Eti, ulisema asikufundishe mtu. Kwetu ndivyo: ukisema niacheni, unaachwa, hata kama unaelekea majini. Mimi mwenyewe nimewahi kumfanyia hivyo Villads, na nilicheka sana. Lakini mume wangu! Nilimkasirikia kweli. Na kreni imejaa hadi katikati ya Mei, na bendera inapanda Jumamosi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimesoma kijitabu chote. Ukurasa wa thelathini na moja: kikifungwa kinyume, iamuru skrini igeuze nusu duara. Vibonyezo vitatu tu! Nimekwenda gatini, nimebonyeza. Mshale ukazunguka, ukatulia palepale upepo ulipo. Nilipiga kelele peke yangu kama mwehu.

Wakati wa chakula nikamkabili Ejnar. Ulinyamaza ili nishindwe? Akapaka siagi kwenye mkate wake mweusi, polepole, mpaka pembeni.

— Mishono saba, Dagny.

Basi. Nami hasira zikaniishia, nikabaki na woga. Sikuwahi kumuuliza kama anaogopa.

Jumamosi, 26 Aprili

Bendera imepanda saa nne. Shangwe mara tatu, samaki wa siki, kinywaji kikali kwenye vikombe vidogo. Bwana wa Svendborg amefika na bahasha ya pesa, anagonga ubavu wa mashua yangu kwa vidole kama anachagua tikiti maji. Upepo nausoma, ila Ejnar hajaridhika; nimemwambia asubiri.

Ejnar nimemwambia hivi: nakwenda mpaka boya la kijani, kisha narudi na upepo mgongoni, vilevile kama Agosti. Ukitaka njoo, usipotaka baki. Amepanda baiskeli akaenda zake nyumbani.

Saa sita kasorobo. Naandika huku daftari liko pajani. Injini imepata moto. Villads ameshika kamba ya mbele, mara hii hana mzaha. Skrini inasema upepo wa kusini-magharibi, mita saba kwa sekunde. Shavu langu linasema hivyohivyo.

Ejnar huyo anakuja. Bwana wa Svendborg anamfuata akimsemesha, yeye hageuki. Amevaa jaketi la kuokolea. Na kichwani — ile kofia yake ngumu ya baiskeli, nyekundu, ameifunga mpaka kidevuni.

Villads ananiuliza, aachie kamba?