Kiingereza cha Kumuaga Magi

Jumapili, mwezi wa tatu. Mazwi.

Manyunyu tangu alfajiri. Milima haionekani, na nyumba za ng'ambo ya barabara zimebaki vivuli. Kwa Kiingereza mvua ya namna hii inaitwa "drizzle". Nalipenda neno hilo. Nikilitamka polepole nahisi ubaridi shingoni, mpaka najiuliza kama Waingereza hawakuwahi kuamka Ufipa kabla ya kulitunga.

Magi ameondoka leo, na sikumwambia.

Nianze mwanzo, maana kichwa changu tangu asubuhi kinaelea. Magi ni muuguzi, Mwingereza, umri wake kama wangu, aliyekuja kujitolea hospitalini hapa mjini. Nilianza kwa kumwita Ndugu Magi, kama siasa yetu inavyotaka, akacheka, akakubali. Mama alipoletwa kutoka kijijini Mpui akiwa amekwisha dhoofu, Magi ndiye aliyekaa naye. Mimi nilikuwa kazini, duka la ushirika, na foleni ya sukari haijali kwamba una mgonjwa.

Jioni nikifika wodini nawakuta wanafundishana. Mama hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji, kwa hiyo mwalimu akawa yeye. Alimfundisha salamu ya Kifipa: unachuchumaa, unainamisha kichwa, unapiga makofi taratibu. Mama amelala ubavu, anaonyesha kwa mikono yake iliyokonda, na Magi yuko chini sakafuni anafuatisha. Kidole kidogo cha mama, cha mkono wa kushoto, kilikuwa hakinyooki. Alikatwa na kisu akivuna ulezi, mimi sijazaliwa, na tangu hapo kikabaki kimekunjika, hata akisali.

Mama hakurudi Mpui akiwa hai.

Siku ya mazishi nilimshukuru Magi kwa Kiingereza changu cha shule: "I am most grateful, Madam." Alinikumbatia, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa tangazo la serikali. Niliona aibu. Nikaapa kwamba kabla hajaondoka nitamshukuru kwa Kiingereza cha watu, kile wanachokitumia jikoni, au wakiumwa, au wakipendana.

Basi nikaanza kusoma upya. Jioni tulikuwa tunachambua maharage kibarazani kwangu, yeye anataja maneno na mimi nameza. "Ta" ni asante ya haraka, ya kupokea chumvi. "Never mind" ni usijali. "Knackered" ni kuchoka kama maksai aliyelimishwa tangu asubuhi. "See you" unasema mkiachana. Hilo lilinisumbua, nikamuuliza, "Hata kama hamtaonana tena?"

"Hata kama," akasema. "Ni kusema tu, dada."

Sisi hatusemi tu. Sisi mgeni tunamsindikiza mpaka miguu ikatae.

Nikawa naota mchana kweupe. Nilijiona nimesimama na Magi, tunaongea kama watu waliochangia ziwa moja, hakuna anayetafuta neno. Juzi mzee mmoja dukani alinishtua: "Binti, sukari iko kwenye mizani inakungoja. Unaongea na nani?"

"Na Magi, baba. Ila hayupo."

"Basi nipimie mimi niliyepo."

Foleni nzima ilicheka. Nami nilicheka, lakini sentensi yangu sikuiachia. Nilikuwa nimekwisha ikamilisha: "Thanks for sitting with my mum." Si "mother", ni "mum". Midomo inafunga mara mbili, kama kwenye mama.

Leo asubuhi nikaenda stendi na mfuko wa maharage ya Mpui. Kuku niliyetaka kumpa nilimwacha nyumbani, Magi alishanionya kwamba kuku haruhusiwi kupanda ndege. Basi la Mbeya lilikuwa limewashwa, utingo anapiga bodi kwa kiganja. Magi akanigeukia. Nikafungua mdomo, na sentensi haikuwepo. Nikasimama wima kama mlingoti, nikainua mkono juu kama msichana wa London, nikasema, "See you, Magi!"

Ni kusema tu.

Yeye akaweka begi lake kwenye matope, akachuchumaa. Stendi nzima inatazama. Akainamisha kichwa, akaanza kupiga makofi, taratibu, viganja vimebonyea. Wauza viazi wakapiga vigelegele. "Huyu si wa Ulaya tena, huyu wa kwetu!" akasema mmoja. Mwenzake akainama kumwangalia vizuri. "Lakini mbona kile kidole amekikunja?"

Kidole kidogo. Cha mkono wa kushoto.

Hakuna Mfipa anayeamkia hivyo. Alikuwepo mmoja tu. Magi alidhani ndiyo desturi yetu, akaichukua yote kama alivyoikuta pale kitandani, pamoja na jeraha lake. Hata mlio ulikuwa ule ule, wenye kwikwi kidogo. Nilimsikia mama pale stendi, na mkono wangu wa Kizungu bado uko hewani.

Magi alipanda. Basi lilipokata kona ndipo magoti yangu yalipokubali. Nikachuchumaa, nikayapigia makofi matope na moshi, nikalia kwa sauti, bila kujali nani ananitazama.

Sasa nimekaa kibarazani, manyunyu hayajaacha. Nimejaribu kukunja kidole changu. Mwanzo kinauma kidogo, kisha kinazoea. Je, ningepaswa kumwambia kwamba amekosea? Kwao huko, siku akitaka kuwaonyesha ndugu zake salamu ya Ufipa, atachuchumaa kwenye zulia na kuwapa mkono wa mama yangu.

Sitamwambia kamwe.

Kesho nikifungua duka, mzee wa kwanza kwenye foleni nitamwamkia kwa kidole kilichokunjwa. Akishangaa, na ashangae.