Pedali kwenye Kopo la Unga

Ivano,

Mchuzi wa nyama uko jikoni, upashe kwa moto mdogo. Tambi nimeshazikata, nimezifunika kwa kitambaa. Kuku wape maji. Na wewe ule sahani moja tu!

Sasa tuongee. Alfajiri nimefungua kopo la unga nikande tambi zenu za Jumapili, nikakuta pedali za baiskeli yangu. Mwanangu, miaka arobaini na nane unakula tambi hizi, hujui nani hufungua kopo hilo?

Eti mashindano ya leo yana vilima saba, vitamuua mama. Daktari amenipima moyo akanipa cheti nishiriki. Wewe alikuandikia upunguze tambi. Kilichoniuma ni kunifanyia kwa siri, kama mwizi wa kuku. Ungeniambia usoni, nami ningekujibu usoni.

Pedali nimezifunga mwenyewe. ~~Usithubutu kuja.~~ Saa kumi uwe kwenye mstari wa mwisho na koti langu.

Na siku nyingine ukitaka kunificha kitu, kiweke kwenye ile baiskeli yako ya bei mbaya uliyoitundika sebuleni. Tangu uinunue, haijaguswa na mtu.

Mama yako