Kaka Aliyeacha Kula Samaki

Kwako kaka yangu wa tumbo moja,

Pokea salamu za mdogo wako. Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe na wifi na binti yenu, na ule mgongo unaokusumbua uwe umekupa nafuu. Huku kwetu tunalala na tunaamka, na hilo si dogo. Mama anakusalimia sana. Nyonga yake imeunga vizuri, sasa anatoka chumbani hadi barazani bila kushikwa, ila ukimwona anavyong'ang'ania ukuta utadhani ukuta ndio mgonjwa. Kila lori likipunguza mwendo hapo nje anauliza kama ni wewe. Binti yangu naye anamsalimia mjomba wake. Tumbo limekuwa kubwa, anatembea kama bata, na mumewe ndiye anayemfunga kamba za viatu huku akimcheka.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu iko mfukoni mwako. Nimepiga mara kadhaa. Kila ukipokea, maneno niliyoyapanga yananikimbia. Nakuuliza habari za kazi, unaniambia nzuri, tunaagana. Nimeona bora niandike. Karatasi haimkatizi mtu.

Nianze na habari za banda langu la mapishi pale bwawani. Wavuvi wako wa mwisho wa juma bado wanakuja, tena wameongezeka tangu barabara ya bwawani iwekwe lami. Kinyozi yupo, na mdomo wake ni ule ule. Wenzake wamemhamishia ng'ambo kwa sababu wanasema samaki wakimsikia wanahama. Fundi saa yupo, anavua kama anavyotengeneza saa, jicho moja amelifumba na hataki mtu apite nyuma yake. Mwalimu mstaafu siku hizi anakuja na wajukuu. Wanashinda na mishipi yao majini, jua likipanda wananiletea walichopata kwenye ndoo, na mimi kazi yangu unaijua. Napara magamba, natoa matumbo nikichunga nyongo isipasuke, nachanja ubavuni, natia chumvi, ndimu na tangawizi, naacha samaki akauke kabla hajaona mafuta. Kila mtu anakula alichovua mwenyewe. Asiyepata kitu anakaa karibu na aliyepata na kumsifia sana.

Nakuandikia haya kana kwamba huyajui, na wewe ndiye uliyeyaanzisha. Mume wangu alipofariki nilijifungia ndani kama chungu kilichofunikwa. Watu walikuja, wakanipa pole, wakarudi makwao. Wewe ulikuja na ndoo. Ndani mlikuwa na kambare, bado anapiga mkia. Hukunipa pole. Uliniambia, "Nina njaa, nipikie," ukaketi. Nilikuambia sijui hata pa kumshika mnyama anayeteleza hivyo. Ukanionyesha: nyuma ya mapezi, vidole viwili, bila woga, kisha chumvi na maji ya moto kuondoa ule utelezi. Nilimpika huku nalia na mchuzi ukazidi chumvi, ukala wote na kufuta sahani kwa mkate. Wiki iliyofuata ukaleta mwingine. Kisha ukaja na kinyozi, kinyozi akaja na fundi saa, na kabla sijajua kilichotokea ukawa unachimba mashimo ya nguzo pale ukingoni. Paa la banda lile ulilipigilia wewe. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mume wangu alizikwa mara moja tu, lakini mimi kaka yangu alinifukua.

Ndiyo maana ulipoacha kuvua nilisikitika kuliko wewe. Ulisema ni mgongo, kukaa kwenye jiwe kutwa kunakuumiza. Ukampa fundi saa fimbo zako zote, hata ile ya mianzi uliyokuwa hutaki mtu aiguse. Nikakwambia basi usivue, njoo ule tu. Ukasema una vidonda vya tumbo, daktari amekukataza vya kukaanga. Nikakuchemshia perege bila pilipili, bila hata nyanya. Ukasema daktari amekataza na samaki wa kuchemsha. Kinyozi aliniambia mbele za watu, "Mpishi, mtu wa ofisi ya maji akiyakimbia maji, kuna jambo." Nilimgombeza mpaka akaacha sahani nusu. Nilimwambia kaka yangu ni mgonjwa, na kwamba anayemsema kaka yangu asilete samaki wake jikoni kwangu.

Kisha ikaja siku ile tuliyomtoa Mama hospitali. Nataka tuizungumze siku ile, kaka. Nilipika yule perege mkubwa aliyeletwa na mwalimu, mchuzi mzito wa vitunguu kama Mama anavyoupenda. Uliketi kando yake. Kwa kuwa macho yake hayaoni miiba tena, ulimchambulia. Nilisimama mlangoni nikiwa na sinia mkononi nikakutazama. Ulichambua pole pole, ukapitisha kila kipande kati ya vidole kuhakikisha hakina mwiba, ukamwekea kwenye sahani, na Mama akawa anakubariki kila tonge. Wewe ulikula wali na kachumbari. Nilijiambia moyoni, tazama mtoto mwema, amekatazwa samaki na daktari lakini anamlisha mama yake bila wivu. Machozi yalinilenga. Nikarudi jikoni kuyafuta kwa kanga.

Na binti yangu alipopata mimba hiyo, unakumbuka nilivyokupigia? Kila alichokula alikirudisha. Kitu pekee kilichokaa tumboni mwake kilikuwa supu ya kichwa cha samaki. Nilimpelekea asubuhi, nikampelekea jioni. Nilikutania kwamba mjukuu wetu atazaliwa na mapezi. Ulicheka. Kicheko kilichelewa kunifikia, nikadhani ni mtandao.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa sababu najua wifi hajakuambia. Aliniomba nisikuambie, na mimi nikamwahidi, na ahadi hiyo naivunja leo kwa makusudi.

Jumamosi moja wifi alikuja kumwona Mama. Akapitia bandani na binti yenu. Nilifurahi kama mtoto, maana mara ya mwisho kuwaona pale sikuikumbuka. Wifi alikwenda kunawa kwenye pipa la nje. Mtoto akasimama mezani kwangu akinusa, akaniambia, "Shangazi, kinanukia." Nikamkatia kipande cha ubavu, nikakitoa miiba, nikampulizia, akakitia mdomoni. Wifi akaingia. Kaka, sijawahi kumwona mwanamke yule akikimbia. Alimpiga mtoto mkononi, sahani ikaanguka, akamtia kidole mdomoni na kuchokoa kile kipande hadi mtoto akatapika. Nilidhani mwiba umemkwama. Nilikuja mbio na mkate nikisema ameze, ameze! Wifi akanisukuma. Ndipo nikaona kwamba hakuwa akiogopa mwiba.

Kisha akaketi chini kwenye sakafu, na magamba yote yale, akaanza kulia. Akasema, "Wifi nisamehe. Alinikataza nisikwambie."

Aliniambia yote. Kwamba tangu kabla ya mvua zilizopita ofisi yenu ilipima maji ya bwawa na nyama ya samaki. Kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyepima. Kwamba kile kiwanda cha betri kule juu ya mto kinamwaga maji yake machafu usiku, na madini yake ya sumu yameingia kwenye matope, yakaingia kwenye samaki, na hayatoki kwa moto wala kwa ndimu. Mtu mzima yanamla taratibu. Mtoto mdogo yanamharibu kichwa, na aliye tumboni yanamfikia huko huko. Kwamba mkuu wako alisema jambo linyamaziwe mpaka kiwanda kichimbe mabwawa mapya ya kuchujia, na kwamba atakayejua kunyamaza ataangaliwa vizuri. Nilimuuliza wifi kama ndipo ulipopewa ile ofisi yenye pazia, tuliyokuja kukupongeza na Mama. Alifuta pua kwa mkono wa gauni. Akasema jioni ile ile uliyopata majibu ulirudi nyumbani, ukatoa samaki wote kwenye jokofu, ukawafukia nyuma ya nyumba ili hata paka asile.

Paka, kaka.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mimi nimelishwa methali hiyo tangu utotoni na nilikuwa nikiiamini. Kinyozi anakula nami, sikumtegemea afe nami. Wewe ndiye mzaliwa nami. Lakini wewe uliacha kula kwanza, ukatuacha mezani.

Nimekaa na jambo hili nikitafuta mahali pa kukuonea huruma. Nikasema labda walikutisha. Labda uliogopa kibarua kuota nyasi, una mtoto wa kusomesha. Ningeyaelewa hayo. Usingeliambia gazeti, usingewaambia wavuvi, ungenivuta tu pembeni ukaninong'oneza, "Mdogo wangu, usimpe Mama samaki, na usiniulize." Nisingekuuliza. Unanijua. Ningefunga banda nikasema nimechoka na moshi, nikauza vitumbua. Neno moja tu lingetosha, na neno hilo ulimpa mkeo, ukalinyima jiko langu. Nami nilijivunia pua yangu! Nikifunua shavu la samaki najua amekufa asubuhi au jana, nikimbonyeza kidole najua kama amelala kwenye barafu. Mwaka mzima nimewakataa samaki wa watu kwa harufu, na wanaoua ni wale niliowasifia.

Lakini kinachonirudia kila nikifumba macho ni vidole vyako siku ile ya Mama. Ulichunga sana usimpe mwiba.

Nimempeleka binti yangu hospitali, wametoa damu, majibu bado. Daktari amesema tusitangulize kilio, mtoto anacheza vizuri tumboni. Tukiwa kwenye benchi tukisubiri, aliniuliza, "Mama, si mjomba anafanya kazi huko kwenye maji? Hakujua?" Nilijifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba. Ni mara ya kwanza kushindwa kumjibu mwanangu kitu kinachokuhusu wewe.

Na sasa nikuambie nililolifanya, ulisikie kwangu na si kwa mwingine. Jumamosi iliyopita sikuwasha moto. Wavuvi walipokuja na ndoo zao niliwaketisha wote, nikawaeleza. Mara ya kwanza tangu nimjue, kinyozi alikosa neno. Dereva mmoja wa lori, wa hao waliokuja na lami, alisema nimerogwa, kwamba samaki wale wale alikula babu yake akaishi hadi akasahau umri wake. Akaenda kukoka moto wake mwenyewe kwenye mawe, akachoma na kula peke yake akitutazama. Mwalimu mstaafu aliwakusanya wajukuu zake na kuwashika vichwa mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu. Fundi saa akaniuliza swali nililojua litakuja. Aliuliza, "Nani kakwambia?"

Ningeweza kusema nimesikia sokoni. Nilikutaja wewe. Nilisema aliyepima ni kaka yangu, na majibu yapo ofisini kwake. Sikuongeza chumvi, sikupunguza. Jumatatu watakuja huko, mwalimu akiwa mbele, na nasikia wanawake wa ng'ambo ya bwawa nao watakuja na watoto wao. Wakigonga mlango wako usianze kumtafuta aliyewatuma. Ni mimi. Nimemwomba dereva wa basi la asubuhi akufikishie barua hii mapema, upate muda wa kuamua utawafungulia ukiwa nani. Ukiwaambia kweli, hata kama watakufukuza kazi, mlango wangu hautafungwa na chakula kitakuwepo. Ukiwaambia mimi ni mwongo, basi nitajua kwamba nilimzika mume na kaka pia, na safari hii hakuna wa kuja na ndoo kunifukua.

Mama hajui. Anaulizia supu yake kila siku, anasema nimekuwa mchoyo uzeeni kwake. Jana alikataa maharage, akageukia ukutani kama mtoto. Sikumwambia, na sitamwambia. Hilo nimekuachia wewe. Nimemwambia kwamba mwanawe anakuja Jumapili na ndiye atakayemweleza kwa nini samaki wameisha, naye amefurahi sana, ameniomba nimsuke nywele.

Msalimie wifi, na tafadhali usimnyanyulie sauti, maana kati yenu wawili yeye ndiye aliyekumbuka kwamba mimi ni mtu. Mbusu mwanangu mdogo, mwambie shangazi hakukasirika sahani ilipovunjika. Majirani wanakusalimia, na kinyozi pia, ingawa yeye salamu zake kazituma akiwa amenuna.

Njoo Jumapili. Mama ameshachagua gauni.

Ni mimi mdogo wako,
Mpishi wa bwawani.