Dakika Kumi na Tano hadi Talcha

Jumapili, 7 Shrawan

Nimekwama Simikot, huku juu milimani; Shrawan ndio mwezi wetu wa mvua. Mkutano wa wanawake uliniita nije kuhutubia. Nimehutubia, mawingu yakafunga bonde. Kutoka hapa hadi Talcha, uwanja wa kwetu, ndege huchukua dakika kumi na tano. Kilomita sitini tu! Kwa miguu ni wiki nzima ya kupanda na kushuka, na mvua imebomoa njia.

Mama amezidiwa. Hana mtoto wa kiume, ana mimi tu. Tulishakubaliana zamani: siku yake ikifika, moto wa kumchoma nitauwasha mimi — si Karbir, mwana wa baba mdogo.

Jumatatu, 8 Shrawan

Ndege haikuja. Kila asubuhi Chhewang, msimamizi wa uwanja, humpigia mwenzake wa Talcha: unauona mlima? Asipouona, hakuna safari. Leo hakuuona. Nilimfokea Chhewang — serikali, barabara, rada, miaka yote ya ahadi. Akanimiminia chai ya siagi. Akasema makala zangu huwa anazisoma, ila mawingu hayajui kusoma.

Mama alishikiwa simu. Sauti imebaki mnong'ono.

"Wewe mwenye maneno mengi," akasema, "mwambie rubani neno moja tu. Aje."

Nikacheka. Kisha nikajifungia chooni.

Jumanne, 9 Shrawan

Mama amekufa alfajiri.

Siwezi kuandika.

Baadaye — baba mdogo Gorakh kapiga. Maiti hangoji. Leo hii, kabla jua halijazama, Karbir atawasha. Binti asiyekuwepo ni sawa na asiyezaliwa, kasema. Nimemtukana. Ndiyo, siku ya msiba. Sijutii.

Mchana. Bishnukala, jirani yetu, amepiga kutoka mtoni, wanakochomea maiti. Wanawake wa kijiji wamekalia kuni! Wamepanda juu ya kuni za mama, wakamwambia Karbir akitaka kuwasha aanze na wao. Wananingoja mimi. Miaka yote nawapigia kelele redioni wasikubali kusukumwa. Leo hawasukumiki — na mimi sipo.

Ndege imesikika! Sote tulitoka nje, shingo juu. Ilizunguka juu ya mawingu, ikazunguka tena, ikaondoka. Chhewang hakunitazama usoni.

Jioni. Bishnukala tena. Kule mvua imeanza. Kuni zinalowa huku wamezikalia. Mumewe kaja mara mbili kumvuta mkono. Mara ya pili kavuta kwa nguvu.

"Dada, tukae mpaka lini?"

Nilitaka kusema ngojeni. Nilitaka mno. Mama ni wangu, ahadi ni yangu, na kesho huenda yule wa Talcha akauona mlima. Huenda. Na wao walale pale, kwenye mvua, wakipigwa na waume zao kwa ajili ya mkono wangu mmoja?

Nikasema, "Washa wewe."

Akayarudia maneno yangu kwa sauti, wenzake wasikie. Kisha kwa mbali nikamsikia baba mdogo akiuliza huyo anasema nini, jirani ni wa ukoo gani hata awashe, wazimu gani. Na Bishnukala, si kwangu, kwa wenzake:

"Kiberiti kiko kwa nani?"

Simu bado iko sikioni. Naandika kwa mkono mmoja. Naisikia mvua — sijui ni ya kule au ya huku