Swichi Zinazong'ang'ania

4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila kazi inanikondesha.

Hapa maabara tunachonga swichi juu ya kipande cha silikoni kisichofika ukubwa wa ukucha. Ziko maelfu, na kila moja ina kimkono kinachoshuka kugusa na kupanda kuachia. Tunataka zifanye hesabu za kompyuta kwenye joto kali, mahali ambapo chipu za kawaida hufa. Kugusa zinagusa. Kuachia ndiko hazitaki. Zinang'ang'ania kama kupe! Mkuu wangu kasema Desemba ikifika bado hivi, mradi unafungwa.

Nimekumbuka ulivyokuwa ukinipeleka kazini kwako, kwenye mitambo ya simu, nalala fofofo katikati ya zile kelele. Swichi zako za huko zilikuwa zinanata?

Binti yako

21 Machi

Binti yangu,

Marahaba, mama. Goti lina nongwa zake, lakini dukani linanifikisha.

Yaani wewe, uliyekuwa ukiniita mzee wa vyuma chakavu, leo unaniuliza habari za swichi! Zilinata sana. Wenzangu wakawa wanaongeza nguvu ya kuzivuta ziguse, ndiyo wanazidi kuharibu. Swichi ni kama mgeni: kuingia si kazi, kazi ni kuaga. Kaza ile springi ya kurudisha. Na pale panapogusana pawe padogo, kama ncha.

Walipoleta mitambo ya kielektroniki, isiyo na kitu kinachosogea, tuliachishwa kazi mafundi kumi na mmoja siku moja. Wiki nzima sikupata usingizi. Nyumba ilikuwa kimya mno.

Baba yako

9 Novemba

Baba,

Shikamoo. Hujambo lakini? Nisamehe kwa kupotea. Nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema.

Tulifupisha kimkono kikawa kigumu, tukachonga ncha. Swichi ya kwanza iliungua. Ya nne ikanata. Ya sita, jana asubuhi, imegusa na kuachia mara milioni kumi. Mkuu akauliza, "Wazo la ncha umelitoa wapi?" Nikasema, "Kwa fundi wa simu." Akacheka. Nikamwambia, "Ni baba yangu." Akaacha kucheka. Mradi unaendelea.

Tatizo moja: hazisikiki, Baba. Ni ndogo mno. Nimetega sikio hivyo hivyo.

Binti yako

27 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi buheri wa afya. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Jana nilikwenda kwenye lile jengo letu la simu. Tangu lifungwe, mtaa ule nilikuwa naukwepa. Siku hizi wanauza magodoro. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unataka la futi ngapi?" Nikamwambia, "Sitaki godoro, mama. Hapa nilikuwa fundi." Nikamwonyesha ukuta uliokuwa na swichi zangu, safu hii na safu ile, kisha nikakaa juu ya godoro la watu saa nzima.

Kwa aibu nimenunua mto. Nimeuweka kitandani kwako.

Baba yako